Je, ALu bado inatibu? Namna ya kuendesha utafiti wa siku 28 kwenye kituo cha afya

Kwa kutibu malaria, Tanzania iliacha klorokwini na kuingia SP (sulfadoksini na pirimethamini) mwaka 2001, kisha ikaiacha SP na kuchukua dawa mseto ya ALu (artemeta na lumefantrini) mwaka 2006. Nyuma ya mabadiliko ya namna hii kuna kazi moja isiyo na mbwembwe: wagonjwa wanameza dawa mbele ya muuguzi, wanafuatiliwa wiki nne, na damu yao inapimwa tena na tena. Shirika la Afya Duniani lilitoa utaratibu wake wa kawaida mwaka 2009, na vituo kama Kibaha, Mkuzi, Mlimba na Ujiji vimewahi kuutumia kupima ALu. Mwongozo huu ni kwa maafisa tabibu, wauguzi na wataalamu wa maabara ambao kituo chao kimechaguliwa kufanya kazi hiyo.

Mtoto akirudi siku ya 21 akiwa na vimelea, kuna maelezo manne. Huenda dawa imeshindwa. Huenda hakuipata yote, au aliimeza lakini haikufyonzwa mwilini. Huenda amepona kisha akaumwa na mbu mwingine. Huenda pia hana vimelea kabisa, ila msomaji slaidi amekosea. Karibu kila hatua utakayoisoma hapa ipo kwa ajili ya kuyatenganisha hayo manne. Ukiruka hatua, mwishoni utabaki na namba usiyoweza kuieleza.

Kwa nini siku 28? Artemeta huua vimelea vingi haraka lakini hutoka mwilini ndani ya saa chache. Lumefantrini hubaki siku kadhaa na kumalizia vilivyosalia. Vimelea vilivyoponyoka huchukua muda kuzaliana hadi vionekane kwenye hadubini, kwa hiyo ukifunga daftari siku ya 14 utawakosa wengi walioshindwa. Dawa yenye piperakwini hubaki mwilini muda mrefu zaidi, na wagonjwa wake hufuatiliwa siku 42.

Kabla ya mgonjwa wa kwanza

Idadi ya wagonjwa haichaguliwi kwa kukisia. Ukitegemea kwamba tiba itashindwa kwa asilimia 5, ukataka usahihi wa asilimia 5 kila upande na uhakika wa asilimia 95, hesabu inakupa wagonjwa 73. Ongeza asilimia 20 kwa watakaopotea au kuondolewa, unafika 88. Usishuke chini ya 50 kwa hali yoyote.

Kibali cha maadili huchukua miezi, kwa hiyo ombi liende mapema. Tanzania Bara linapita NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Kenya linapita kamati ya maadili inayotambuliwa, pamoja na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Anza hesabu zako kutoka msimu wa mvua kurudi nyuma: kibali kikitoka wakati malaria imeshapungua, utakaa kituoni ukisubiri wagonjwa wasiokuja.

Dawa ya utafiti isitoke kwenye kabati la kituo. Tumia ALu iliyothibitishwa ubora, toleo moja kama inawezekana, na uandike namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Ihifadhi chini ya nyuzi 30 za Selsiasi, mbali na unyevu, na weka kipimajoto kwenye hicho chumba. Stoo yenye paa la bati na isiyo na dari hupita nyuzi 30 kabla ya saa sita mchana. Dawa iliyoharibika kwa joto italeta matokeo yanayofanana kabisa na usugu.

Nani anaingia, nani haingii

Kwenye maeneo yenye maambukizi makubwa, kundi la kawaida ni watoto wa miezi 6 hadi 59, kwa sababu hawajajenga kinga. Mtu mzima wa Kigoma anaweza kupona kwa kinga yake hata dawa ikiwa dhaifu, na hapo utaisifia dawa kwa kazi isiyo yake.

Mtoto awe na joto la kwapani la 37.5 au zaidi, au historia ya homa ndani ya saa 24. Awe na aina moja tu ya kimelea cha malaria, *Plasmodium falciparum*, vimelea 2,000 hadi 200,000 kwa kila maikrolita ya damu (kwenye maambukizi madogo hadi ya wastani, 1,000 hadi 100,000). Aweze kumeza. Mzazi au mlezi akubali kurudi kwa ratiba yote.

Haingii mwenye dalili za hatari: degedege, kutapika kila kitu, kushindwa kunyonya au kunywa, kulegea kiasi cha kushindwa kukaa au kusimama, kupoteza fahamu. Huyo anaanza matibabu ya malaria kali hapo hapo. Haingii pia mwenye utapiamlo mkali (mzunguko wa mkono chini ya milimita 115, au miguu iliyovimba), mwenye homa ya ugonjwa mwingine kama nimonia au surua, na anayetumia dawa yenye nguvu dhidi ya vimelea. Hili la mwisho ndilo husahaulika zaidi. Kotrimoksazoli anayopewa kila siku mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU inatosha kuvuruga matokeo. Uliza, kisha angalia kadi ya kliniki, maana mama mwingine haiiti dawa kwa sababu mtoto ameizoea.

Ridhaa isomwe kwa lugha anayoielewa mzazi. Asiyejua kusoma aweke alama ya dole gumba mbele ya shahidi asiye mtumishi wa utafiti. Na kabla ya sahihi, uliza swali moja ambalo fomu nyingi hazina: unaishi wapi, na wiki nne zijazo utakuwa wapi? Mama aliyekuja kumuuguza mgonjwa na atarudi kwao Jumamosi asiandikishwe, hata mwanawe akiwa na vigezo vyote. Andika kitongoji, jina la mjumbe, namba mbili za simu na alama za njiani. Kama umbali unaruhusu, mhudumu wa afya ngazi ya jamii aione nyumba siku hiyo hiyo.

Siku tatu za dawa

Kidonge kimoja cha ALu kina miligramu 20 za artemeta na 120 za lumefantrini. Kwa kila dozi, mwenye kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge 1. Kilo 15 hadi chini ya 25, vidonge 2. Kilo 25 hadi chini ya 35, vidonge 3. Kuanzia kilo 35, vidonge 4. Mpime uzito siku hiyo bila viatu na bila kanga ya mgongoni. Mtoto wa kilo 14.8 akipimwa na nguo nzito anaruka kundi, na kosa hilo huligundui tena.

Dozi ni sita: saa ya 0, 8, 24, 36, 48 na 60. Hapa ndipo utafiti mwingi huharibika, na sababu ni saa ya ukutani. Ukianza saa 3 asubuhi, dozi ya pili inaangukia saa 11 jioni, na zinazofuata saa 3 asubuhi na saa 3 usiku. Hiyo inabebeka. Ukianza saa 8 mchana, dozi ya pili ni saa 4 usiku na ya nne ni saa 8 usiku wa manane. Hakuna muuguzi atakayekwenda kitongojini saa hiyo, na mama aliyelala hataamka. Kama huna wodi ya kuwalaza kwa siku tatu, acha kuandikisha ifikapo saa 5 asubuhi. Atakayekuja baada ya hapo atibiwe kama kawaida, bila kuingizwa kwenye utafiti.

Kila dozi imezwe mbele ya mtumishi. Lumefantrini hufyonzwa vibaya tumbo likiwa tupu, kwa hiyo mpe maziwa, uji uliotiwa karanga, au anyonye kwanza. Chai ya rangi na andazi kavu havitoshi. Baada ya kumeza, akae dakika 30 akiangaliwa. Akitapika ndani ya dakika hizo, rudia dozi nzima na umwangalie dakika 30 nyingine. Akitapika tena, anatoka kwenye utafiti na anapewa matibabu mbadala, kwa kawaida sindano ya artesuneti. Usimtume nyumbani na vidonge mkononi ili abaki kwenye hesabu.

Dozi za usiku zina vishawishi vyake. Fomu zikionyesha kwamba kila mtoto alimeza saa 3:00 kamili usiku, usiku zote mbili, mkaguzi hatahitaji kuuliza mengi. Andika saa halisi, hata ikiwa ni 3:50.

Homa ya nyuzi 38 na zaidi ipewe parasetamoli. Antibayotiki ikihitajika, isiwe ya kundi la tetrasiklini, klindamisini au kotrimoksazoli.

Slaidi

Damu huchukuliwa siku ya 0, 2, 3, 7, 14, 21 na 28, pamoja na siku yoyote mtoto anapoletwa akiumwa. Siku ya 1 anaonwa na kupewa dawa. Slaidi siku hiyo huchukuliwa tu akiwa na dalili za hatari.

Tone nene liwe na upana wa milimita 10 hadi 12. Likiwa bado bichi, maandishi ya gazeti yasomeke kwa shida kupitia humo. Likauke lenyewe. Ukilikausha kwa taa ya moto au juani, chembe nyekundu hugandamana na kioo, hazipasuki kwenye rangi, na vimelea hufichika. Methanoli ya kukazia damu nyembamba ikigusa tone nene huleta madhara yale yale, kwa hiyo ushike kioo ukiwa umeinamisha upande wa damu nyembamba.

Siku ya 0 tengeneza vioo viwili. Cha kwanza kitie rangi ya Giemsa ya asilimia 10 kwa dakika 10 hadi 15 ili ujue kama mtoto anafaa. Cha pili kitie Giemsa ya asilimia 3 kwa dakika 30 hadi 45, ndicho cha hesabu rasmi. Maji ya kuchanganyia yawe na pH 7.2. Yakiwa na asidi, kiini cha kimelea hupauka na msomaji huanza kubahatisha. Changanya rangi kila siku. Ya jana imwage.

Hesabu vimelea dhidi ya seli nyeupe 200, kisha zidisha kwa 8,000 na ugawe kwa idadi ya seli ulizohesabu. Vimelea 350 kwa seli 200 ni 14,000 kwa maikrolita. Ukifika vimelea 500 kabla ya seli 200, maliza uwanja uliomo kisha simama, na ugawe kwa seli halisi ulizofikia. Kusema slaidi haina vimelea kunahitaji seli nyeupe 1,000. Kwa kichwa, kumbuka kwamba kiwango cha chini cha 2,000 ni vimelea 50 tu kwa seli 200. Slaidi ya aina hiyo ndiyo inayozua ubishi.

Wasomaji wawe wawili, kila mmoja asijue alichokiona mwenzake wala siku ya slaidi. Wakitofautiana kuhusu kuwapo kwa vimelea, aina yake, au wingi kwa zaidi ya asilimia 50, msomaji wa tatu anaingia, na wastani unachukuliwa kwa namba mbili zinazokaribiana.

Kosa baya kuliko yote hutokea siku ya 3. Baada ya ALu, gametosaiti (vimelea vya hatua ya uzazi, vinavyosubiri kuchukuliwa na mbu) huweza kubaki kwenye damu kwa siku kadhaa. Hizo si ushahidi wa tiba kushindwa. Zihesabiwe na kuandikwa kwenye safu yao. Msomaji mchovu akizijumlisha na vimelea vya kawaida, kituo kinatangaza usugu usiokuwepo. Kosa la upande wa pili ni la saa: siku ya 3 maana yake ni saa 72 tangu dozi ya kwanza. Aliyeanza saa 5 asubuhi akichomwa kidole saa 1 asubuhi siku ya 3, amepimwa saa 68, na kwa mtoto aliyeanza na vimelea 150,000 saa hizo nne zinaweza kubadilisha jibu.

Karatasi ya damu kavu

Bila karatasi hii huwezi kutenganisha vimelea vilivyorudi na maambukizi mapya, na kwenye maeneo ya mbu wengi maambukizi mapya huwa mengi kuliko ya zamani yaliyojirudia. Dondosha matone mawili au matatu kwenye karatasi chujio siku ya 0, na kila ziara kuanzia siku ya 7. Andika kwa penseli namba ya mgonjwa, siku na tarehe kabla ya kuchoma kidole. Wino wa kalamu huyeyuka maabara wanapoloweka sampuli.

Ikauke kivulini juu ya rafu, isigusane na nyingine, mbali na nzi na mende. Kisha kila karatasi iingie kwenye mfuko wake wa plastiki pamoja na kifuko cha silika. Karatasi mbili mfuko mmoja ni vimelea vya watoto wawili kuchanganyika, na mashine ya PCR, inayozalisha nakala za vinasaba ili vipimwe, haitakuambia kwamba ni uchafu. Rangi ya silika ikibadilika, kifuko kimeshiba unyevu, weka kingine. Mwanza au Tanga wakati wa masika, kagua kila wiki.

Maabara hulinganisha jeni za vimelea vya siku ya 0 na vya siku vilipoonekana tena: msp1, msp2, na kipimo cha tatu ambacho zamani kilikuwa glurp. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza glurp ibadilishwe na alama fupi ya vinasaba, kwa mfano Poly-α. Vimelea vikifanana kwenye alama zote, vimerudi. Vikitofautiana kabisa hata kwenye moja, ni vipya.

Kufuatilia bila kupoteza watu

Siku za 7, 14, 21 na 28 huangukia siku ile ile ya wiki aliyoandikishwa. Aliyeanza Alhamisi atakuwa na siku ya 3 Jumapili, na ziara zake zote Alhamisi. Kama Alhamisi ni siku ya gulio, jiandae kumfuata nyumbani au sokoni. Kituo kisicho na watu mwisho wa wiki kiandikishe Jumatatu na Jumanne tu.

Aliyekosa dozi anaondolewa moja kwa moja. Asiyekuja siku ya 7 lakini akaja ya 6 au ya 8 anaweza kubaki, na vivyo hivyo kwa ziara zinazofuata, ila tarehe halisi iandikwe. Mrudishie mzazi nauli siku hiyo hiyo. Nauli ya ahadi ndiyo inayopoteza watu. Na kila ziara uliza, kwa upole, kama mtoto amepewa dawa yoyote ya duka. Ukiuliza kwa ukali utaambiwa hapana.

Tukio kubwa la kiafya, yaani kifo, kulazwa, au hatari kwa maisha, liripotiwe ndani ya saa 24, hata kama unaamini halihusiani na dawa. Kuamua uhusiano si kazi ya aliyelishuhudia peke yake.

Kumwekea kila mtoto hukumu yake

*Kushindwa mapema:* dalili za hatari pamoja na vimelea siku ya 1, 2 au 3; vimelea vya siku ya 2 kuzidi vya siku ya 0; vimelea siku ya 3 pamoja na joto la 37.5 au zaidi. Au vimelea vya siku ya 3 kufikia asilimia 25 ya vya siku ya 0. Aliyeanza na 14,000, mpaka wake ni 3,500.

*Kushindwa baadaye kwa dalili:* vimelea pamoja na homa au dalili za hatari kuanzia siku ya 4 hadi 28.

*Kushindwa baadaye kwa vimelea tu:* vimelea bila homa kuanzia siku ya 7 hadi 28. Mama atasema mtoto hana shida, na kweli anacheza. Anahesabiwa ameshindwa, na anatibiwa.

*Kupona:* hana vimelea siku ya 28 na hakuangukia kundi lolote hapo juu. Mwenye homa ya mafua siku ya 28 na slaidi safi amepona malaria.

Aliyeshindwa siku ya 7 au baadaye ana maelezo mengine ya kuchunguza kabla ya kuilaumu dawa. Ukiweza, chukua damu ya kupimia lumefantrini siku ya 7 kwa wote. Kiwango chini ya nanogramu 200 kwa mililita huashiria kwamba dawa haikufika vya kutosha.

Hesabu

Chukua mfano. Umeandikisha 88, watano wamepotea, watatu umewaondoa, wamebaki 80. Kati yao 12 wameonekana na vimelea, yaani asilimia 15. PCR inasema 2 ni vimelea vilivyorudi na 10 ni vipya. Kwa hesabu ya waliokamilisha utaratibu, wale 10 wanatolewa: 2 kati ya 70, asilimia 2.9. Kwa njia ya Kaplan na Meier, kila mtoto anahesabiwa hadi siku ya mwisho aliyokuwa na taarifa sahihi, na hata waliopotea wanachangia siku zao. Toa zote mbili.

Sasa tazama upana wa uhakika wa hiyo 2.9: unaanzia 0.3 na kufika 9.9. Shirika la Afya Duniani linasema sera ibadilishwe kushindwa kukifika asilimia 10 baada ya marekebisho ya PCR. Mtoto mmoja tu zaidi akishindwa, upana huo unavuka mstari. Ndiyo maana wale watano waliopotea si jambo dogo, hasa ikiwa walipotea kwa sababu walizidiwa na kupelekwa hospitali nyingine.

Siku ya 3 ina mstari wake pia: zaidi ya asilimia 10 ya wagonjwa wakibaki na vimelea, shuku usugu wa sehemu dhidi ya artemisinini. Mabadiliko ya jeni ya K13 yanayohusika yameshaonekana ukanda huu: R561H Rwanda na Kagera, A675V na C469Y kaskazini mwa Uganda, R622I Eritrea na Ethiopia. Mgonjwa mwenye vimelea hivyo bado anaweza kupona, kwa kuwa lumefantrini inamalizia kazi, kwa hiyo usitegemee kwamba asilimia ya siku ya 28 itakuonya mapema. Karatasi za siku ya 0 za wagonjwa wote 88 ziende kupimwa K13. Ukipeleka za walioshindwa peke yao, hutaweza kusema mabadiliko hayo yameenea kiasi gani kwenye eneo lako.